Yangeyange mwenye upele: kutandika tekscha juu ya picha ya ndege

SWALI: "Mtaalamu, shikamoo. Nilipiga picha ya yangeyange amesimama juu ya mizizi ya mkoko kule Mida, Watamu, pwani ya Kenya, saa mbili asubuhi hivi. Ndege ametoka vizuri, ila anga la nyuma ni jeupe tupu, kama vile mtu alisahau kulimalizia. Nikapakua mtandaoni tekscha, yaani picha ya mikwaruzo na nyufa, ya ukuta uliochakaa, nikaitandika juu kwa Photopea (programu ya kuhariri picha), nikachagua namna ya kuchanganya iitwayo Maltiplai. Picha nzima ikawa kahawia, na yangeyange akaonekana ana upele. Rafiki yangu naye anasema kuichezea picha ya asili namna hiyo ni udanganyifu. Nimekosea wapi? Na je, naweza kuipeleka kwenye mashindano?"

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nimezifungua picha zote mbili ulizotuma, ile safi na ile yenye upele, na nimecheka kidogo. Sikucheki wewe. Nami ninazo za namna hiyo kwenye diski ya zamani, heroe wa Nakuru waliofanana na mikate iliyoungulia tanurini.

Kuna jambo moja ambalo ungelijua mapema lingekuokolea jioni nzima. Tekscha uliyoipakua nayo ni picha. Kuna mtu alisimama mbele ya ukuta fulani, siku fulani, akabonyeza. Kwa hiyo ina rangi yake, ina mwangaza wake, na ina jua lake lililotokea upande wake. Ukiitandika juu ya picha yako kabla ya kuivua vitu hivyo vitatu, utakuwa na picha mbili zinazogombania karatasi moja, na mara nyingi ukuta ndio unaoshinda.

Tuanze na kahawia. Kompyuta huhesabu mwanga wa kila nukta kuanzia 0, giza totoro, hadi 255, weupe wa mwisho. Maltiplai (majina haya ya menyu nayaandika tunavyoyatamka kazini, ukiifungua utayatambua) huzidisha: nukta ya picha mara nukta ya tekscha, kisha inagawa kwa 255. Nimelipima anga lako, ni 250 kwenye nyekundu, kijani na buluu, zote tatu. Ukuta wako, mahali pa kawaida, una nyekundu 180, kijani 140, buluu 100. Zidisha: nyekundu inatoka 176, kijani 137, buluu 98. Hiyo ndiyo kahawia yako, na ni rangi ya ukuta wenyewe karibu vilevile ilivyokuwa, kwa sababu cheupe kikizidishwa hakina cha kujitetea nacho. Manyoya ya ndege, ambayo ni 235 hivi, yamepatwa na mkasa uleule. Yangeyange amegeuka ukuta, na mashimo ya ukuta yamekuwa upele wake. Angalia lakini mizizi ya mkoko kwenye picha hiyohiyo. Tangu mwanzo ilikuwa na giza, haikuumia, na ukiitazama peke yake utaona imependeza kweli. Kwa hiyo wazo lako halikuwa baya, ila ulilipeleka mahali ambapo haliwezi kukaa.

Sasa ivue tekscha rangi yake. Kwenye leya ya tekscha (leya ni tabaka moja la picha ndani ya programu) ondoa rangi zote, ibaki nyeusi na nyeupe. Kisha ipitishe kwenye kichujio kinachoitwa Hai Pasi. Kichujio hiki hufuta mabaka makubwa ya mwanga na kivuli yaliyokuwa ukutani (kona yenye giza, katikati penye jua) kikabakiza nyufa, chembe na mikwaruzo tu juu ya kijivu cha katikati, yaani 128. Kwa faili lako lenye upana wa pikseli 6000, anza na kipimo cha pikseli 100 hivi, uongeze au upunguze kwa jicho. Ukimaliza utaona kitu kinachochusha macho, kijivu kama majivu ya jiko. Usiogope, ndivyo kinavyotakiwa kuwa.

Kijivu hicho ndicho ufunguo wa namna mbili za kuchanganya ambazo mimi hutumia karibu kila siku, Ovalei na Softi Laiti. Kwenye hizo, nukta ya tekscha yenye 128 haifanyi chochote. Iliyo chini ya hapo hutia giza, iliyo juu hutia mwanga. Maana yake picha yako hubaki na mwangaza wake na rangi yake, ikaongezewa mikwaruzo tu. Softi Laiti ni mpole, Ovalei ana mkono mzito. Namna iitwayo Skrini, kama uliwahi kujiuliza, ni kinyume cha Maltiplai, hung'arisha, na kwenye anga jeupe haina kazi maana hakuna pa kung'arisha.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa wakarudi kwenye Maltiplai, na nadhani hata wewe ulipitia njia hiyo. Unaweka Ovalei, unatazama anga, huoni kitu. Umeongeza nguvu ya leya mpaka asilimia 100 na bado huoni kitu. Si kosa lako. Chukua tekscha yenye ufa wa 90 na chembe ya 180. Juu ya anga la 250, Ovalei inakupa 249 penye ufa na 252 penye chembe. Tofauti ya hatua tatu hakuna jicho la binadamu litakaloiona. Juu ya anga la 200, tekscha ileile inakupa 184 na 223. Hapo ukuta unajitokeza wenyewe bila kuitwa. Weupe uliopitiliza haushiki tekscha, kama vile chokaa isivyoshika kwenye kioo. Kwa hiyo kabla ya tekscha, anga lako linahitaji rangi ya kushikia.

Weka leya ya rangi moja kati ya picha na tekscha. Rangi yenyewe usiitafute kwenye paleti ya programu, ichote ndani ya picha. Kuna maji chini ya ile mizizi, ya kijani-kijivu yaliyopauka, chota hapo kisha uipaushe zaidi mpaka iwe kama nyekundu 205, kijani 208, buluu 198. Leya hii sasa ndiyo uipe Maltiplai. Anga litashuka hadi kwenye 200 na ushei, litakuwa na ukungu wa asubuhi ambao bila shaka ulikuwepo ulipokuwa umesimama pale ila kamera haikuubeba. Na hapo utaona jambo ambalo kwangu mimi lina thamani kuliko tekscha yenyewe: yangeyange atatokea. Ndege wa 235 mbele ya anga la 250 alikuwa amezama, wote weupe. Mbele ya anga la 200 anawaka kama kanzu ya Idi. Watu hutafuta tekscha kumbe walichokihitaji kilikuwa kuteremsha anga hatua hamsini.

Ila rangi hiyo isimguse ndege, kwa hiyo unahitaji maski, yaani pazia la kuficha sehemu ya leya. Leya ipe maski, chukua brashi nyeusi, futa palipo na ndege. Shida ni kwamba yangeyange wako ana yale manyoya marefu ya mgongoni, membamba kama nyuzi za katani, na hakuna mkono utakaoyafuatisha moja moja. Ukijaribu, utamwachia ukingo mweupe mwili mzima kama stika iliyobanduliwa kwenye daftari. Mimi naikwepa vita hiyo. Naifanya rangi iwe nzito pembeni mwa picha na nyepesi kadiri inavyomkaribia ndege, kwa brashi pana sana yenye kingo laini na nguvu ya asilimia 20, nikipita mara nyingi kidogo kidogo. Kufika kwenye manyoya rangi imekwisha fifia, hakuna mpaka wa kuonekana. Brashi ndogo yenye ukingo mkali naiweka kwa ajili ya mdomo na miguu tu, nikiwa nimekuza picha hadi asilimia 100.

Maski ya leya ya tekscha ni habari nyingine, na hapa kila mtu ana mazoea yake. Ushauri unaosambaa ni kumfuta ndege kabisa kwenye tekscha. Mimi sikubaliani nao. Ndege asiye na hata chembe ya tekscha mbele ya anga lenye tekscha huonekana amekatwa kwa mkasi akabandikwa. Fanya hivi badala yake: nakili leya ya tekscha, nakala itie kichujio cha ukungu cha Gauss cha pikseli 60 au zaidi mpaka nyufa zipotee yabaki mawimbi ya mwanga tu, halafu nakala hiyo ndiyo uiruhusu kwenye mwili wa ndege, na ile kali uizuie. Mwanga unaopita nyuma yake utapita na juu yake pia, bila upele. Jicho na mdomo viache safi kabisa, usijadiliane navyo. Msomaji wa picha ya ndege huanza kwenye jicho, na ufa mmoja ukipita hapo umeipoteza picha. Mizizi ya mkoko iachie tekscha kali bila huruma, ni mikwaruzo juu ya mikwaruzo, inapatana.

Nguvu ya leya? Kwa Softi Laiti, kati ya asilimia 35 na 60. Nina mtindo mmoja wa kipuuzi lakini unanisaidia: naiongeza mpaka niipende, nainuka kwenda kunywa chai, nikirudi naipunguza kwa theluthi. Jicho huzoea chumvi kama ulimi.

Kitu cha tatu cha kuivua ni jua, na hiki ndicho watu wasichokiona hata baada ya kukionyeshwa. Rudi kwenye ukuta wako uliopakua, ukuze, tafuta shimo moja kwenye plasta. Kivuli kiko upande gani wa shimo? Kwenye ukuta wako kiko ndani ya shimo upande wa kulia juu, na ukingo wa kushoto chini ndio wenye mwanga. Ukifuatilia mashimo mengine utaona jua lilitokea kulia juu. Yangeyange wako ana mwanga kifuani upande wa kushoto. Mtazamaji hatakuambia "jua zimegongana", atasema tu kwamba picha ina kitu kimekaa vibaya. Dawa ni rahisi, igeuze tekscha kushoto-kulia kama kwenye kioo, basi. Usiizungushe nusu duara ukidhani ni sawa. Ubongo wetu umezoea mwanga wa kutoka juu, kwa hiyo ukiupindua ukuta juu chini, mashimo yote yatageuka vinundu. Jaribu uone, ni mchezo mzuri wa kuwafurahisha watoto, lakini kwenye picha yako utamrudishia ndege upele wake ulioufukuza kwa saa nzima.

Baada ya hayo yote, nakuomba tekscha ile ya mtandaoni uifute. Kwanza hujui ina masharti gani. "Bure" ya mtandaoni mara nyingi ni bure ya kuangalia au ya kutumia bila kuuza, na siku ukitaka kuuza kadi zako utajuta. Pili, wewe unaishi Watamu! Magofu ya Gede yako kilomita chache kutoka Mida, ukuta baada ya ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, mahali ambapo UNESCO ilipaingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Na chokaa ya zamani ya pwani yetu ni matumbawe yaliyochomwa, wakati dari za nyumba zilizojengwa hivyo zilibebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo nyuma ya ndege wa mikokoni unatoka maji yaleyale. Mtazamaji huenda asilijue hilo, lakini wewe utalijua, na utachagua kwa moyo tofauti.

Unapopiga, simama sambamba na ukuta, kamera isiinamie upande. Tundu kwenye f/8, ISO 100. Usikaribie mno. Kosa la wanaoanza ni kupiga ufa kwa karibu hadi unakuwa mnene kama kidole, kisha wanautandika juu ya ndege ambaye kichwa chake ni kidogo kuliko huo ufa, na picha inaonekana imepigwa risasi. Simama mita mbili au tatu, chukua eneo pana, na piga kwa ukubwa wote wa kamera yako ili tekscha isije ikavutwa kama ngozi ya ngoma. Usiuguse ukuta wala kuumwagia maji ili "uive". Na kama unapiga kwa biashara, ulizia kibali langoni kabla hujaitoa kamera mkobani.

Kwa mwanga wa kutokea kushoto asubuhi, unahitaji ukuta unaotazama kaskazini. Ukiutazama, mashariki inakuwa mkono wako wa kushoto. Lakini kwa latitudo yenu ukuta huo hupata jua la kuupapasa vizuri miezi ya Mei hadi Julai, jua linapokuwa limeegemea kaskazini. Desemba utaukuta kivulini, na hapo nenda alasiri kwenye ukuta unaotazama kusini, mambo yatakuwa yaleyale. Siku ya mawingu nayo si mbaya, tekscha hutoka bapa, haina jua la kugombana na la mtu.

Gede si lazima, lakini. Nina folda yenye mbao za mashua zilizopakwa sifa (mafuta ya papa) mpaka zikameta, bati la kibanda cha mkaa, karatasi ya kaki iliyofungiwa nyama, sinia la bibi, matope yaliyopasuka baada ya maji kupwa. Tekscha bora kuliko zote nilizonazo ni kitako cha sufuria ya ubwabwa.

Simu pia inaweza kazi hii. Snapseed ina kifaa cha kuunganisha picha mbili, na ndani yake ipo Ovalei. Ukishaunganisha, fungua orodha ya hatua ulizofanya, gusa hatua hiyo, utapata brashi ya kuipaka unapotaka na kuiacha usipotaka. Haina usahihi wa Photopea, ila kwa picha ya kutuma kwenye simu za watu inatosha.

Kuhusu kuchapisha nitakusimulia aibu yangu. Niliwahi kutengeneza kalenda ya heroe kwa mteja, tekscha nzuri, laini, niliyoipenda mno kwenye skrini. Kalenda zikatoka. Mteja akanipigia kuuliza kama mashine ya uchapaji ilikuwa na uchafu kwenye rola, kwa maana ukurasa wa Machi ulikuwa na "madoa". Yale madoa yalikuwa sanaa yangu. Niliitazama kazi ile muda wote nikiwa nimekuza sana, ambapo kila ufa ulikuwa na umbo la ufa. Kwa ukubwa wa kalenda nyufa zikabanana zikawa vumbi. Siku hizi nachapa kipande cha ukubwa wa kiganja kwanza, kwa ukubwa halisi, nakibandika ukutani, nasimama hatua tatu nyuma. Na ukichapa juu ya turubai, ondoa tekscha au ipunguze sana, turubai lina nyuzi zake tayari.

Sasa rafiki yako. Mwambie ubishi huo ni mkongwe. Miaka ya chumba cha giza, watu walibana negativu pamoja na kipande cha filamu chenye alama za kitani, wakazimulika zote kwa pamoja kwenye mashine ya kukuzia, picha ikatoka na nyuzi. Kabla ya hapo kulikuwa na waliochapisha kwa rangi na gundi itokayo kwenye migunga, ili picha ifanane na mchoro. Mwaka 1932 huko California kundi lililojiita f/64, Ansel Adams na Edward Weston wakiwemo, likasema hapana, picha iwe picha, kali kuanzia mbele hadi nyuma. Pande zote mbili ziliacha kazi nzuri, na mimi sioni kwa nini nichague.

Lakini kwenye mashindano rafiki yako ana hoja nzito. Vyama vya wapiga picha, FIAP cha kimataifa, PSA cha Marekani na RPS cha Uingereza, vilikubaliana tafsiri moja ya picha ya asili, na tafsiri hiyo hairuhusu kuongeza kitu ambacho hakikuwa mbele ya kamera. Mikwaruzo ya ukuta wa Gede haikuwa angani Mida. Shindano la Wildlife Photographer of the Year la jumba la makumbusho la historia ya asili London nalo lina msimamo wa namna hiyo, na picha zikifika mbali huomba faili ghafi, kama zilivyotoka kwenye kamera, zilinganishwe. Kwa hiyo kwenye kundi la picha za asili peleka ile safi, yenye anga lake jeupe. Tena mimi ningeanza kwa kuikata juu ili mizizi ichukue nafasi kubwa zaidi, weupe ukipungua utashangaa inavyosimama. Ile yenye tekscha ipeleke kwenye kundi huria au la ubunifu, ambako kwa kawaida haina ubishi.

Na ukiitundika mahali, au ukiiuza, iandikie chini yake bila kona kona: "Yangeyange, Mida. Nyuma yake, chokaa ya Gede."